Jeshi la Kukodiwa Kule Mirihi: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yetu

Toleo lililopita tuliwaalika waandishi wa hadithi za kisayansi, wachora katuni na wachezaji wa michezo ya mezani watuulize kuhusu jeshi la miaka ijayo linalopigania faida, si bendera. Barua nyingi zimetoka Arusha na Moshi. Tumechagua saba. Majibu karibu yote yameishia kwenye daftari la mhasibu, na tunadhani hapo ndipo mahali pake.

SWALI: Ndugu wahariri, naandika hadithi ya mwaka 2190. Kampuni yangu ina askari 120 na inakodiwa na wachimba madini kule Mirihi. Shida ni kwamba nikiisoma, askari wangu wanafanana na jeshi lolote la serikali, ila wana tamaa zaidi. Nifanyeje biashara yao ionekane? (Msomaji, Sakina, Arusha)

JIBU: Tamaa kila mtu anayo, hata askari wa serikali. Kinachoitofautisha kampuni yako ni mkataba. Uandike kabla ya sura ya kwanza, kurasa mbili tu, hata kama msomaji hatauona.

Kielelezo kizuri ni Italia ya karne ya 14 na 15, ambako miji kama Florence, Milan na Venice ilikodi makapteni na vikosi vyao. Mikataba yao ilikuwa na vifungu ambavyo unaweza kuvihamishia Mirihi bila kubadilisha mengi. Cha kwanza ni muda wa lazima, kisha muda wa nyongeza ambao mwajiri anaweza kuuchukua au kuuacha. Cha pili ni idadi ya watu na vifaa, pamoja na ukaguzi. Ukaguzi uliwekwa kwa sababu makapteni walikuwa wanadai mishahara ya watu wasiokuwepo. Sisi tuliosikia habari za watumishi hewa hatuhitaji kuelezwa zaidi. Farasi waliandikwa rangi na alama zao, wasije wakabadilishwa baada ya kukaguliwa. Kule Mirihi andika namba ya kila vazi la anga na kila betri.

Cha tatu ni malipo ya awali. Hapa ndipo ugomvi wa kweli huanzia, kwa sababu kapteni huyatumia kulipa madeni ya zamani na kununua vifaa, kisha anafika vitani akiwa tayari ana njaa. Cha nne ni fidia: farasi akifa kazini, mwajiri analipa. Weka bei ya kila chombo kwenye kiambatisho, halafu uone jinsi kamanda wako anavyoanza kuchagua njia. Gari la deraya ambalo fidia yake ni asilimia 40 tu ya bei halitapelekwa mbele. Lile lenye fidia kamili litatangulia, hata kama ni bovu. Pengine hasa kwa kuwa ni bovu.

Cha tano ni katazo: baada ya mkataba kuisha, kampuni isipigane na mwajiri wake wa zamani kwa muda fulani. Kiache kifungu hiki kiwe kifupi mno kwenye hadithi yako, tuseme siku 180, na una mgogoro wa sura nzima. Kapteni Mwingereza John Hawkwood alifika mpakani mwa Florence mwaka 1375 baada ya kazi nyingine kumalizika, na mji huo ukamlipa florini (sarafu za dhahabu) 130,000 ili asiushambulie. Hakufyatua hata mshale. Biashara ya jeshi la kukodiwa ina mapato mawili, ya kupigana na ya kutopigana, na la pili lina faida kubwa kwa sababu halina mazishi.

Usisahau mteja naye. Mwaka 1997 serikali ya Papua New Guinea ilitia saini mkataba wa dola milioni 36 na kampuni ya kijeshi ya Sandline kwa ajili ya vita vya kisiwa cha Bougainville. Nusu ililipwa kwanza. Jeshi la nchi hiyo likagoma, wageni wakafukuzwa, kazi yao haikufanyika. Baadaye baraza la usuluhishi likaamua kwamba mkataba ni mkataba na salio lilipwe. Hebu fikiria wachimba madini wako wakidaiwa fedha za kazi ambayo haikufanyika.

Kwenye maandishi yenyewe, biashara ionyeshe kwa vitendo vidogo. Kabla ya kurusha roketi, kamanda anauliza bei yake. Ripoti ya jioni inaanza na matumizi, majeruhi wanafuata. Mtu anayeogopwa kambini awe mkaguzi wa mteja, msichana mwenye kishikwambi asiyebeba silaha yoyote.

SWALI: Habari za kazi. Nachora katuni ya jeshi la kukodiwa linalosafiri kutoka duniani hadi Mirihi. Chombo cha watu 120 kibebe nini na kiasi gani? Na safari ichukue muda gani ili isionekane ni uongo? (Mchoraji, Pasua, Moshi)

JIBU: Njia inayotumia mafuta machache huchukua takriban siku 260. Unaweza kuwahi zaidi ukichoma mafuta mengi, lakini kampuni ya faida haifanyi hivyo bila mteja kulipia. Nafasi nzuri ya kuondoka huja kila baada ya miezi 26 hivi, dunia na Mirihi zinapokaa katika mkao unaofaa. Kwa hiyo askari wako wakifika, wanasubiri kama siku 450 kabla ya njia ya kurudi kufunguka. Jumlisha kwenda, kukaa na kurudi: karibu siku 970.

Sasa piga hesabu ya mhasibu. Watu 120 kwa siku 970 ni siku za mshahara 116,400. Kama mapigano yenyewe ni siku 30, hizo ni siku 3,600, yaani asilimia 3 tu. Siku 97 katika kila 100 kampuni inalisha watu wasiopigana. Ndiyo maana kampuni yenye akili itawafanyisha kazi nyingine wakati wa kusubiri: ulinzi wa maghala, kubeba mizigo, kukodishwa kwa mteja wa pili ambaye wa kwanza hajui habari zake. Chora hayo. Askari mwenye bunduki mgongoni anayesukuma toroli la saruji ana mengi ya kusema kuliko mwingine anayepaa na miali.

Vifaa ni kama ifuatavyo. Oksijeni ni kilo 0.84 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo watu 120 kwa siku 260 wanatumia tani 26 na kidogo. Hutaibeba yote kwenye mitungi. Maji hugawanywa kwa umeme, na kilo moja ya maji hutoa takriban kilo 0.89 za oksijeni, hivyo unahitaji karibu tani 29.5 za maji. Mtambo wa kurudisha oksijeni kutoka kwenye kaboni dayoksaidi waliyoitoa kwa pumzi unaweza kupunguza hitaji hilo kwa karibu nusu. Chakula pamoja na vifungashio ni kama kilo 1.8 kwa siku, jumla tani 56. Maji ya kunywa na kupikia tuchukue lita 3 kwa mtu, jumla lita 93,600. Kituo cha Kimataifa cha Anga kilifikia urejeshaji wa asilimia 98 ya maji mwaka 2023, mkojo na jasho vikiwemo. Ukiweza hivyo, unapoteza chini ya tani 2 kwa safari nzima. Mtambo ukiharibika na urejeshaji ukashuka hadi asilimia 85, unapoteza tani 14. Hiyo ndiyo hitilafu ya kuichora, si mlipuko.

Mafuta nayo: kutoka kwenye mzingo wa dunia kwenda Mirihi unahitaji kuongeza mwendo wa takriban kilomita 3.6 kwa sekunde. Injini ya methani inayotoa gesi kwa kilomita 3.7 kwa sekunde hutumia tani 1.65 za mafuta kwa kila tani inayosukumwa, bila kuhesabu uzito wa injini na matangi. Chakula peke yake kinadai tani 93 za mafuta. Mtu atakayeingiza gitaa lake chomboni atakuwa amepigania nafasi hiyo mbele ya mhasibu.

Miili pia ina gharama. Mahali pasipo na uzito, mifupa ya nyonga hupoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi mtu asipofanya mazoezi. Wanaanga hufanya saa mbili hivi kila siku. Chora foleni kwenye mashine za mazoezi, na zile tatu zilizoharibika ambazo hakuna aliyeidhinisha fedha za kuzitengeneza. Wakitua, usiwapeleke vitani siku hiyo hiyo. Watayumba. Wape siku kadhaa, na mteja alalamike kwamba analipia watu waliolala.

Jambo la mwisho: ujumbe kati ya dunia na Mirihi huchukua dakika 3 hadi 22 kwenda upande mmoja. Makao makuu hayawezi kuamuru vita. Yanaweza tu kuuliza, baada ya vita, kwa nini gharama zimezidi.

SWALI: Bunduki inafanya kazi Mirihi? Rafiki yangu anasema haiwezi kulipuka bila oksijeni. (Msomaji, Unga Limited, Arusha)

JIBU: Inafanya kazi. Baruti hubeba oksijeni yake ndani ya kemikali zake, haihitaji hewa ya nje. Matatizo yako mahali pengine.

La kwanza ni joto. Hapa duniani hewa hupoza mtutu. Hewa ya Mirihi ina mgandamizo chini ya asilimia 1 ya hewa yetu, kwa hiyo mtutu hupoa polepole hata kama nje ni nyuzi 60 chini ya sifuri. Ukifyatua mfululizo, chuma kinapata moto na risasi zinaanza kutawanyika. Mafuta ya kawaida ya kulainisha huganda kwa baridi au huyeyukia hewani, hivyo fundi atatumia kilainishi kikavu kama disulfidi ya molibdeni. Vumbi ni jembamba na linaingia kila kiungo. Askari asiyefunika silaha yake kwa mfuko atakuwa na rungu la bei ghali baada ya wiki.

La pili linawahusu wapenda faida. Mvutano wa Mirihi ni asilimia 38 ya wetu na hewa karibu haipo, kwa hiyo risasi haipungui mwendo upesi. Kama hewa isingekuwepo kabisa, risasi yenye mwendo wa mita 900 kwa sekunde iliyoelekezwa juu kwa nyuzi 45 ingeanguka zaidi ya kilomita 200 mbali. Ni kama kuifyatua Arusha ikapita juu ya Moshi, ikaangukie huko mbele. Kwenye Mirihi halisi umbali ni pungufu, lakini wazo linabaki: risasi iliyokosa shabaha itafika kwa mtu. Ikitoboa banda la kilimo la mteja, nani analipa? Weka kifungu cha uharibifu wa mali kwenye mkataba, kisha uone askari wako wanavyoanza kupenda mapanga na nyavu.

Kuhusu miili, mzigo wa kilo 90 utahisiwa kama kilo 34 kuuinua, lakini ukishaanza kukimbia nao, kusimama ni kazi ileile. Askari wapya wataanguka kwenye kona. Na droni zenu zisiwe nzito: helikopta ndogo Ingenuity iliyoruka Mirihi mwaka 2021 ilikuwa na uzito wa kilo 1.8, na bado ilihitaji mapanga yenye upana wa mita 1.2 yakizunguka kama mara 2,400 kwa dakika.

SWALI: Nasoma sheria. Katika hadithi yangu, kamanda wa kampuni anakamatwa na kuletwa Arusha kushtakiwa. Hilo linaingia akilini? (Mwanafunzi, Kijenge, Arusha)

JIBU: Linaingia sana, na Arusha ni chaguo la mtu anayejua mji wake. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama mwaka 1994, ilikaa hapa hadi ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa. Itifaki iliyopitishwa Malabo mwaka 2014 inakusudia kuipa mahakama ya Afrika mamlaka ya jinai, na umamluki umetajwa waziwazi kati ya makosa. Haijapata nchi za kutosha kuiridhia ili ianze kutumika, lakini hadithi yako ni ya mbele huko. Izindue.

Utetezi wa kamanda ndio utakaokupa kurasa. Kifungu cha 47 cha Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva, kinachoeleza mamluki ni nani, kinaweka masharti sita, na lazima yote yatimie: awe amesajiliwa mahususi kupigana katika mgogoro huo, ashiriki moja kwa moja, asukumwe hasa na faida binafsi na aahidiwe malipo makubwa kupita kiasi kuliko askari wa cheo chake, asiwe raia wala mkazi wa upande unaopigana, asiwe mwanajeshi wa upande huo, na asiwe ametumwa na nchi nyingine kikazi. Wakili mzuri anavunja moja tu. Kampuni yako itampa kila askari hati ya ukazi siku anapotua. Au mshahara utakuwa sawa na wa polisi wa mgodi, na utajiri wenyewe uje kama hisa miaka miwili baadaye. Waendesha mashtaka watajibu kwa Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1977 dhidi ya umamluki, ambao unaweza kumfikia hata anayefadhili, si mpiganaji peke yake.

Kwa upande wa anga, Mkataba wa mwaka 1967 unakataza kambi za kijeshi, majaribio ya silaha na mazoezi ya kivita kwenye sayari nyingine, na unaifanya nchi iwajibike kwa shughuli za makampuni yake huko. Kwa hiyo swali la kwanza mahakamani litakuwa: chombo kilisajiliwa nchi gani? Kampuni yenye ujanja itatafuta nchi ndogo yenye ada nafuu, kama meli zinavyofanya leo. Adhabu isiwe nyepesi mno katika simulizi yako. Kesi ya Luanda mwaka 1976 iliwahukumu mamluki 13, na wanne walipigwa risasi.

SWALI: Huku kwetu tumekulia kwenye ushirika wa kahawa. Je, jeshi kama hilo linaweza kuwa ushirika, askari wenyewe wakawa wenye mali? (Msomaji, Kiborloni, Moshi)

JIBU: Linaweza, na limewahi kutokea. Kampuni ya Kikatalani, mamluki kutoka Hispania, iliyokodiwa na mfalme wa Bizanti mwaka 1303 ilifikia mahali pa kujiendesha kwa baraza lake, hasa baada ya kiongozi wake Roger de Flor kuuawa mwaka 1305. Baadaye Mtawala wa Athens aliwakodi, wakamfanyia kazi, akakataa kuwalipa wengi wao. Mwaka 1311 walimshinda vitani, wakachukua nchi yake, na kuitawala hadi miaka ya 1380. Mteja asiyelipa ushirika anadaiwa na kila mwanachama.

Kwa mgawanyo wa mapato, waige maharamia wa Karibi wa karne ya 17. Walikubaliana fidia kabla ya safari: mkono wa kulia vipande 600 vya fedha, wa kushoto 500, mguu wa kulia 500, wa kushoto 400, jicho 100. Fidia zilitolewa kwanza kwenye mapato ya pamoja, kilichobaki ndicho kikagawanywa. Wape askari wako jedwali kama hilo, na waongeze pafu na figo. Kasoro ya ushirika ni ileile inayojulikana mlimani: mkutano mkuu ni mrefu. Adui yuko kilomita 4, na mwanachama namba 37 bado anahoji taarifa ya fedha ya robo mwaka iliyopita.

Msomaji mwingine wa Moshi, mtaa wa Majengo, ameuliza kama kampuni inaweza kufilisika vitani. Jibu liko pwani yetu. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikodishiwa pwani na Sultani wa Zanzibar mwaka 1888 ili ikusanye ushuru. Miezi michache baadaye watu wa pwani, akiwemo Abushiri wa Pangani, waliinuka, na kampuni ikabaki imeng'ang'ania Bagamoyo na Dar es Salaam. Haikuwa na askari wa kutosha wala fedha za kuwapata. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann, naye akaajiri Wasudani kutoka Misri na Washangani kutoka Msumbiji. Abushiri alinyongwa Desemba 1889, na mwaka 1891 serikali ikachukua utawala wenyewe. Wenye hisa wakapata fidia. Wenye pwani wakapata mtawala mpya. Kampuni yako ikifilisika Mirihi, jiulize mrithi wa madeni yake ni nani, kwa sababu huyo ndiye atakayetawala.

SWALI: Tunacheza mchezo wa vita mezani kila Jumamosi. Mwenzetu ana jeshi la kukodiwa lenye silaha bora na anashinda kila siku. Tulidhibiti vipi bila kulipunguzia nguvu? (Wachezaji wanne, Moshono, Arusha)

JIBU: Mwacheni na silaha zake, mpeni hazina. Kanuni hii tumeipima kwa mchezo wa raundi 8.

Aanze na sarafu 80. Kila mwanzo wa raundi analipa 2 kwa kila kundi la askari watano na 5 kwa mtambo mzito. Akiwa na makundi sita na mtambo mmoja, hiyo ni 17 kwa raundi, 136 kwa mchezo mzima. Mteja anamlipa 30 mwisho wa raundi ya 3 na 30 mwisho wa raundi ya 6, lakini kila malipo yana lengo lililoandikwa kwenye kadi kabla ya kuanza: kushika daraja, kulinda kisima, kusindikiza gari. Akitimiza yote mawili ana 140, anabaki na 4. Roketi moja ni sarafu 3. Sasa atafikiri.

Akikosa lengo la pili ana 110. Raundi sita zinakula 102, na ya saba ana 8 tu, hawezi kuwalipa wote. Kundi lisilolipwa linarusha kete mbili. Jumla ikiwa 7 au pungufu linaondoka mezani. Uwezekano wa kuondoka ni 21 kwa 36, kama asilimia 58. Kamanda akiwa karibu nalo, ongeza 1 kwenye jumla, uwezekano unashuka hadi asilimia 42. Wapinzani nao wapewe njia ya Florence: kwa sarafu 10, kundi moja la kukodiwa linakaa bila kufanya kitu raundi moja. Fedha hiyo inaingia kwenye hazina ya mwenye jeshi, kwa hiyo ana haki ya kukubali au kukataa. Hapa ndipo kelele zitakapoanza.

Ushindi wake msiuhesabu kwa maadui waliokufa. Hesabuni sarafu zilizobaki, toeni 3 kwa kila askari aliyepotea. Mkiona bado anashinda, punguzeni hazina ya kuanzia kwa 4, si zaidi, mpaka mchezo ukae sawa.

SWALI: Nataka kutengeneza askari wadogo wa milimita 28 wa jeshi kama hili kwa vitu vya dukani. Nianzie wapi, na wafanane vipi na jeshi la faida? (Msomaji, Rau, Moshi)

JIBU: Kiunzi ni waya wa kufungia nondo. Kata sentimita 6, ukunje katikati uwe miguu miwili, uongeze kipande kifupi cha mikono kwa gundi kali. Mwili ni epoksi ya kukanda wanayotumia mafundi bomba, ile ya sehemu mbili. Soma pakiti, kwa sababu nyingine hukauka ndani ya dakika tano na zitakuharibia kazi. Weka tabaka lisilozidi milimita 2, liache likauke, ndipo uongeze jingine.  Loanisha vidole kwa maji ili isishike.

Safisha kwa msasa laini, osha kwa sabuni, kausha. Rangi ya msingi ya kupuliza ipigwe kutoka sentimita 25, mara mbili nyembamba. Juu yake rangi ya akriliki iliyopunguzwa kwa maji. Kivuli kinatokana na sehemu moja ya rangi ya kahawia iliyokolea kwa sehemu nane za maji na tone la sabuni ya vyombo. Kiache kitiririkie kwenye mikunjo, kisha pitisha brashi karibu kavu yenye rangi angavu juu ya kingo.

Ili waonekane wa kampuni, usiwape sare kamili. Wamenunua mitumba ya majeshi matatu, kwa hiyo deraya za mikono zisifanane na za kifua. Kitu kimoja tu kifanane kwa wote: namba ya mali, kama ile iliyoandikwa kwa rangi kwenye kila kiti cha ofisi ya umma. Iandike kwa kalamu nyeupe ya jeli begani, kwenye bunduki, hata kwenye kofia. Kapteni awe na nembo za wateja wawili, moja ikiwa imefutwa nusu.

Kwa chini, udongo mwekundu wa huko Rau unafaa kabisa. Wekundu wake na wa Mirihi vyote vinatokana na oksidi ya chuma. Ukaushe kwenye kikaango dakika 20 ili usiote ukungu, uchekeche kwa soksi ya nailoni, kisha uumwage juu ya gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji. Vanishi ya kupuliza usiitumie asubuhi za masika wala siku za baridi kali za Julai. Unyevu huacha utando mweupe juu ya rangi. Subiri adhuhuri yenye jua, kopo lenyewe likiwa limekaa ndani ya nyumba usiku kucha.